Aliyeketi Ndiye Aliyehudhuria

Ukitaka kumjua vizuri mpiga pasi huyu, usimfuate kazini. Kazini ni mvuke na jasho tu. Siku sita za wiki husimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka ya hospitali, mwenzake ameshika pembe mbili naye mbili, shuka linaingia limekunjamana linatoka limenyooka, kisha la pili, kisha la mia. Huko haongei sana, maana mashine inapiga kelele kwa niaba ya wote. Mtafute Jumapili saa mbili asubuhi nyuma ya kanisa, katika chumba ambacho zamani kiliwekwa viti vibovu. Hapo utamkuta na vichanga kumi na saba, mmoja mgongoni, mmoja begani, mmoja akimvuta sikio. Watu humwita Mama Mbeleko, na nyaraka zinazosema jina lake halisi ziko kabatini, hazimsumbui mtu.

Kazi hiyo ya Jumapili hakuajiriwa na mtu. Ilianza miaka ishirini na miwili iliyopita, mwaka aliomzika mtoto wake wa pili. Mtoto alikuwa na miezi minane. Homa ya siku tatu, basi. Alibaki na mmoja tu, binti wa miaka mitatu. Msiba haujapoa, watu wakaanza kutafuta kosa. Wifi yake mmoja, mwanamke aliyekuwa na huruma kidogo na kumbukumbu nyingi, alimsogelea jikoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, hebu kumbuka vizuri. Jumapili ile ya mvua si hukwenda kanisani?"

Kweli hakwenda. Paa lilikuwa linavuja, akabaki kuhamisha mabeseni. Jamani, mtu amefiwa, nawe unamletea mahudhurio! Lakini alikuwa kijana, moyo umepasuka, na mtu aliyepasuka moyo huokota chochote anachopewa. Aliamini. Tangu siku hiyo hakukosa ibada hata moja, na hakukwenda kwa mapenzi. Alikwenda kama mtu anayelipa kodi ya nyumba ili asitupiwe vyombo nje.

Miezi michache baadaye, katikati ya mahubiri, kichanga kimoja kililia. Mhubiri wa wakati ule alinyamaza, akakikazia macho kichanga kana kwamba kingeona haya. Mgawa viti akamwonyesha mama yake mlango. Yule mama, msichana tu, alitoka huku akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mpiga pasi alishindwa kuvumilia. Alimfuata nje, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo. Wewe rudi ukasikilize."

"Dada, na wewe je?"

"Mimi nimeshasikia ya kunitosha. Nipe."

Jumapili iliyofuata walikuwa watatu. Mwaka haujaisha walikuwa tisa, na viti vibovu vikahamishiwa kwingine. Alitandika magodoro ya sponji, akayavika mashuka yaliyochakaa ambayo hospitali ilikuwa inayatupa, yeye akayaomba, akayachemsha, akayapiga pasi. Kila kichanga alikifunga utepe wa kitambaa mkononi, na kipande cha utepe huohuo akakifunga kwenye mkoba wa mama yake, ili asije akamkabidhi mtu mwana wa mwenzake. Alijua nani hulala kifudifudi, nani halali mpaka apigwepigwe makalioni, nani tumbo humsumbua ikifika saa nne. Mahubiri aliyasikia kupitia ukutani kama ngurumo tu, bila maneno. Alijua yamekwisha akisikia viti vinaburuzwa.

Na humo chumbani, hofu ilimtoka. Hakuna siku aliyoamua kuacha kuogopa. Ila ukimbeba mtoto mchanga kwa miaka, kuna jambo unalielewa hata kama huna wa kumwambia. Mtoto hana shukrani. Anakutapikia bega, anakukojolea gauni ulilolipiga pasi asubuhi, nawe Jumapili ijayo unarudi kumchukua. Hukumchukua ili akulipe, na hakuna aliyekutisha. Umemchukua kwa sababu analia. Mama Mbeleko alianza kushuku kwamba huenda na Mungu yuko hivyo, na kwamba yule mwenye daftari la mvua na mabeseni alikuwa wifi yake tu. Siku wazo hilo lilipomjia, alicheka peke yake hadi akamwamsha mtoto.

Ibada ile iliendelea hivyo, wahubiri wakija na kuondoka, mpaka alipokuja Mchungaji wa sasa. Alikuta kanisa limepwaya. Safu nne za mbele zimejaa, nyuma panya wangeweza kucheza mpira. Akamteua Katibu, mtunza ghala mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote kilichoko rafuni kipo na kisichoko rafuni hakipo. Wawili hao wakaleta kadi.

Kadi ilikuwa na vyumba ishirini na sita, Jumapili za nusu mwaka. Kila mtu alipewa kiti chenye namba. Mahubiri yakiisha, milango imefungwa, Katibu alipita safu kwa safu na mhuri wa kijani. Kiti kitupu kiliandikwa daftarini, na mwenye kadi akagongewa mwekundu. Mwenye kijani kamili alipewa kiti cha mbele na cheti. Mwenye nyekundu zaidi ya kumi alisomwa hadharani, kisha akachagua moja: kukaa Jumapili nne kwenye benchi jekundu ubavuni mwa mimbari, watu wote wakimwona, au kupiga magoti mbele na kutubu ili kadi isafishwe siku hiyohiyo. Na harusi haikufungwa kanisani kama mzazi wa upande wowote ana kadi chafu. Bibi harusi mwenyewe, tangu ndoa itangazwe mpaka ifungwe, asiwe na nyekundu hata moja.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu walikuja, tena mbio, wengine viatu mkononi. Siwezi kusema kadi hazikufanya kazi, maana zilifanya. Viti vilijaa mpaka ukumbini pakakosa hewa. Mchungaji alisimama mimbarani akifurahi, akasema kwamba hata Mungu anajua mkono mtupu haulambwi. Mume wa Mama Mbeleko, fundi baiskeli, alikuwa na kijani kamili, ishirini na sita kwa ishirini na sita, na zote aligongewa akiwa usingizini. Jirani yake alikuwa na kazi ya kumchomolea kadi mfukoni ili asimwamshe.

Naye mkewe? Kiti chake kilikuwa namba sitini na nne, na hakikukaliwa hata mara moja, maana mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta na watoto wa wenye kadi. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Kadi yake ilikaa kwenye kikapu chini ya chupa ya maji moto, na aliitumia kuitandikia chupa ilipovuja.

Siku ya kusomwa majina, mama mmoja alikuja mbio mlangoni. "Mama! Umesomwa!"

"Nimesomwa wapi?"

"Kwenye wazembe. Tena wa kwanza. Nyekundu ishirini na sita!"

"Shika kichwa cha mwanao kwanza," alisema Mama Mbeleko, "kinaning'inia."

Baada ya ibada aliitwa ofisini. Mchungaji alikuwa nyuma ya meza, Katibu pembeni amekumbatia daftari. Wote wawili walionekana kama watu wanaotaka jambo liishe kabla ya chakula.

"Mama, karibu, keti," alisema Mchungaji. "Ni jambo dogo tu. Jumapili ijayo upite mbele, upige magoti, tuombe pamoja, kadi isafishwe."

"Nitubu kosa gani, Mchungaji?"

Katibu akafungua daftari. "Kutohudhuria."

"Nilikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha watoto."

"Chumba cha watoto kiko wapi?"

"Nyuma ya kanisa."

"Nyuma ya kanisa lipi?"

Katibu alimwangalia Mchungaji. Mchungaji aliangalia dirishani. "Mama, mimi mwenyewe najua ulikuwepo," alisema Katibu, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Wajukuu zangu wawili umewalea wewe. Lakini daftari halijui. Kanuni inasema aliyeketi ndiye aliyehudhuria. Nikimfutia mmoja bila toba, kesho nitamfutia nani?"

"Basi nusu mwaka nzima nilikuwa naketi wapi, hewani?"

"Mama," Mchungaji aliingilia, "tusivutane. Binti yako anaolewa baada ya wiki tatu. Nimeshaitangaza ndoa. Ningependa kuifungisha mwenyewe, tena kwa furaha. Lakini mzazi mwenye kadi nyekundu, unajua utaratibu. Usimharibie mtoto siku yake kwa ajili ya dakika tano."

Hapo maji yalimfika shingoni. Kama wangemtukana angejua la kujibu. Lakini walikuwa wanamwomba kwa upole aseme uongo mbele ya Mungu ili daftari lisione aibu. Aliinuka. "Nitafikiri," alisema, lakini tayari alikuwa amekasirika mno kuweza kufikiri.

Nyumbani binti yake alikuwa amefika kabla yake. Huyu binti huuza kwenye duka la dawa, mtu wa kupanga vitu kwa mistari, na gauni lake la harusi lilikuwa limetundikwa mlangoni limefunikwa shuka. Fundi baiskeli alikuwa uani amepindua baiskeli ya mteja, anazungusha gurudumu na kusikiliza.

"Mama, ni magoti tu," binti alianza. "Unapiga, unainuka, yamekwisha. Wakwe zangu walikuwepo leo. Mama mkwe aliniuliza, hivi mama yako haendi kanisani? Nikatamani ardhi ipasuke."

"Ungemjibu kwamba aliyemwogesha mjukuu wake alipojinyea Jumapili iliyopita ni mimi."

"Chukua kadi yangu," fundi baiskeli alisema kutoka uani. "Ina kijani nyingi, mimi sina kazi nayo."

"Baba, nyamaza kwanza. Mama, mbona unafanya ugumu? Kila mtu anafanya. Mimi mwenyewe sijakosa hata moja."

"Kwa nini hujakosa?"

Binti alimtazama kama ameulizwa kwa nini anapumua. "Kwa nini? Mama, si wewe uliyenifundisha? Nisiposali, chai bila sukari. Nikisali, vijiko viwili. Nikisahau sala ya jioni uliniambia imeandikwa, ipo siku nitasomewa. Nilikuwa na miaka minne! Nilikuwa nasali nikiangalia kopo la sukari. Leo hii Katibu anafanya vilevile ulivyofanya wewe, unasema anakosea?"

Gurudumu uani likasimama. Mama Mbeleko aliketi kwenye kiti cha karibu. Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyojisemea wakati ule, na akamkunja. Hofu iliyomtoka kule chumbani ilikuwa imeshahamia kwa mwanawe, nayo ilikaa. Aliona aibu, aibu ya kuunguza masikio.

"Nilikuwa naogopa utakufa," alisema.

Binti aligeuka, akanyoosha shuka lililofunika gauni.

"Mdogo wako alipoondoka waliniambia ni kwa sababu nilikosa ibada. Nikasema huyu aliyebaki hatakosa hata moja, hata kwa fimbo, hata kwa sukari. Sikukufundisha kumpenda Mungu. Nilikufundisha kumkwepa. Hilo nimekosa, mwanangu, na hilo ninalitubu. Wewe ndiye wa kunisamehe, si wao." Alikohoa, akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini kwa kukaa na wale watoto sitatubu, hata waniletee malaika ameshika mhuri. Ni jambo pekee nililowahi kulifanya bila kuogopa na bila kutaka kitu. Nikilipigia magoti, nitabaki na nini?"

"Na harusi yangu?"

"Harusi yako inaniuma. Sikudanganyi."

Binti aliingia chumbani akafunga mlango. Walilala hivyo, na juma zima waliongea habari za chumvi na sabuni tu.

Jumapili ikafika. Saa mbili kamili Mama Mbeleko alivaa gauni lake la bluu, lile ambalo hakuwahi kulivaa kanisani kwa kuogopa matapishi. Aliingia kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya viti, akaenda kuketi kwenye benchi jekundu. Mikono mapajani, mgongo wima. Kulikuwa na wengine wawili hapo. Mmoja alikuwa mlinzi ambaye zamu zake huangukia Jumapili, mwingine bibi mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe.

Katibu alimjia mbio. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Natumikia adhabu."

"Lakini… watoto?"

"Mlisema Jumapili nne. Hii ya kwanza." Akatazama mbele.

Huko nyuma akina mama walikuwa wanafika na kukuta chumba kimefungwa. Walisimama kidogo wakinong'onezana. Milango ya ukumbi ilikuwa karibu kufungwa, na asiyekuwa kitini hagongewi kijani. Basi wakaingia na watoto wao, kumi na saba, wakaketi nao.

Mchungaji alichagua kuhubiri juu ya malipo ya wenye bidii. Alipofika kwenye taji, mmoja alianza. Kichanga kikilia peke yake unaweza kukivumilia, lakini vichanga huambukizana kama miayo. Dakika kumi baadaye hata kipaza sauti kilisalimu amri. Mchungaji alipandisha sauti, nao wakapandisha. Mtoto mmoja wa kutambaa aliponyoka, akaingia chini ya viti, akatokea mbele kwenye meza ya Katibu, akakuta kidau cha wino wa kijani wa mhuri. Hakuna aliyemwona mpaka alipojishikiza kwenye suruali ya Mchungaji ili asimame. Viganja viwili vya kijani, goti la kulia na goti la kushoto. Nyuma watu walianza kucheka. Hata fundi baiskeli aliamka.

Mama Mbeleko hakucheka. Watu walidhani anafurahia, lakini ile ndiyo adhabu hasa, na iliingia mpaka kwenye mfupa. Alikuwa anamsikia yule wa tumbo. Saa nne ilikuwa imefika, na mtoto alilia kilio chake kile cha kukatakata, mama yake akimrusharusha juu, jambo ambalo ndilo linalomwongezea. Alale kifudifudi kwenye paja, usugue mgongo kwa duara, basi! Kila mtu angeweza kufanya, hakuna aliyejua. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nikiinuka sasa, aliwaza, watasema nimeshindwa adhabu. Nisipoinuka, mtoto analia. Kwa mara ya kwanza alijichukia kwa kushindana na watu kwa kumtumia mtoto. Alikuwa ameshakaza magoti ainuke, liwe liwalo, aliposikia kiti kinaburuzwa safu ya tatu.

Binti yake alikuwa amesimama. Alikuwa ameketi na wakwe zake, kadi yake imewekwa vizuri juu ya kitabu cha nyimbo. Muda wote ule alikuwa hatazami mimbari, alikuwa anatazama uso wa mama yake. Alipita mbele ya magoti ya mama mkwe akiomba radhi, akaenda kwa yule wa tumbo, akampokea. Njiani akamwokota na yule wa wino. Kisha akamsogelea mama yake, akamnong'oneza, "Ufunguo." Mama Mbeleko akampa. Binti akatoka kwa mlango wa pembeni, na akina mama wengine wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wakakabidhi, wakarudi mbio vitini mwao.

Ukumbi ukatulia. Mahubiri yakaisha kwa namna ya kujikokota, na Katibu akaanza kupita na mhuri. Alipofika safu ya tatu akakuta kiti kitupu, na kadi haipo, maana bibi harusi aliondoka nayo ndani ya kitabu. Sasa huyu Katibu, kama nilivyosema, hakuwa mbaya. Aliwaza wiki mbili zilizobaki, akawaza nyekundu moja tu inavyoweza kuvunja harusi. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu. Alitoka ukumbini na mhuri wake, akazunguka nyuma. Mama Mbeleko alimwona, akainuka kwenye benchi akamfuata. Mchungaji, aliyekuwa amefunga ibada haraka, alikuja nyuma yao na vile viganja vya kijani magotini.

Binti alikuwa amekaa sakafuni. Yule wa tumbo alikuwa kifudifudi pajani, kama alivyokuwa akimwona mama yake akifanya, mwingine amebanwa kwapani, wa tatu anamnyonya kidole cha mkono wa pili. Nywele alizosuka kwa ajili ya kujaribu gauni la harusi zilikuwa zimefumuliwa upande mmoja.

"Haraka, mwanangu," Katibu alinong'ona. "Toa kadi nikugongee kijani. Bado sijafunga daftari. Hakuna atakayejua."

"Babu, sina mkono wa kadi," alisema binti.

"Niambie ilipo, nitaichukua mwenyewe."

"Iache. Sikuwa kitini." Akaendelea kumsugua mgongo yule wa tumbo. "Gonga nyekundu."

"Na harusi je?"

"Anayeolewa ni mimi, kadi haiolewi. Tutafungia uani kwa baba, katikati ya baiskeli. Mwenzangu nitaongea naye. Kama alikuwa anaioa kadi, ni heri nijue mapema."

Mama Mbeleko alikuwa mlangoni akisikiliza. Alijivuna, hakuna neno lingine, alijivuna mpaka akaona haya. Aliingia, akavua viatu, akapokea yule wa kwapani.

Mchungaji alijikohoza mlangoni. "Mama, tuyamalize. Jumapili ijayo nitatangaza kwamba ilikuwa hitilafu. Kadi yako igongwe kijani zote ishirini na sita. Tukupe na cheti mbele ya watu, na kiti cha mbele, na harusi iendelee humu humu kama ilivyopangwa."

Hapo alikuwa amepewa kila kitu. Alimtazama mwanawe, na mwanawe hakumsaidia kwa jicho wala kwa nyusi. Alimwachia.

"Na yule mlinzi?" aliuliza Mama Mbeleko. "Na yule bibi mwenye mgonjwa?"

"Hao tutaangalia hali ya kila mmoja."

"Mchungaji, Jumapili iliyopita ulinipa adhabu kwa kukaa na hawa watoto. Leo unanipa zawadi kwa kukaa na watoto haohao. Mimi sijabadilika, nao hawajabadilika. Chukua zote mbili. Chukua na kadi, iko kwenye kikapu, imelowa maji."

"Unataka niziondoe kadi kwa wote?"

"Nimesema nilichosema."

Mchungaji alitazama nyuma kuona kama kuna anayesikia. Katibu alikuwa amejifanya anasoma mhuri. Mchungaji aliingia hatua moja ndani, akashusha sauti, na ghafla hakuwa mtu wa mimbarani tena. "Mama, wewe hukuona. Nilipofika hapa nilikuwa nahubiria viti. Viti vitupu. Nilikuwa narudi nyumbani nashindwa kula. Nikiziondoa hizo kadi, nani atakuja?"

Mama Mbeleko hakutegemea kumwonea huruma, lakini alimwonea. Hofu ile aliijua vizuri. Aliishi nayo, akala nayo, akamlisha na mwanawe.

"Mimi nitakuja," alisema. "Jumapili ijayo, saa mbili kamili. Sasa rudishia huo mlango taratibu, huyu ndiyo kwanza amelala."